Mlango Mmoja na Daftari Lake: Kupanga Anwani za Mtandao Usio na Waya wa Chuo

Mhadhara uliotolewa mjini Mbinga mbele ya walimu, watumishi wa halmashauri, wanaushirika na wanafunzi

Nasema itifaki imezingatiwa.

Neno hilo, itifaki, tutalikuta tena leo. Mafundi wa mtandao nao wanalitumia, na kwa maana ile ile tunayoitumia ukumbini: utaratibu wa nani anaanza kusema, nani anajibu, na kila mmoja anatambulishwa vipi. Mkilishika hilo, sehemu kubwa ya mhadhara huu mmeshaielewa.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa lugha ya mafundi huitwa NAT, yaani tafsiri ya anwani za mtandao, na jinsi ya kulipanga katika chuo kikubwa chenye mtandao usio na waya. Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba fundi anayewaweka watu elfu moja nyuma ya anwani moja anachukua dhamana ya kuweza kuwatofautisha. Asipoweza, kosa la mmoja litawaangukia wote, au litamwangukia asiye na kosa. Kwa hiyo mpango wa anwani ni hesabu, na ni haki pia. Nitatoa hoja sita. Nyingine nitazipitia haraka, nyingine nitakaa nazo.

Kwa nini nayasema haya Mbinga? Kwa sababu huku ndiko mambo yanaanza. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya Makambako, ukasogea hadi kwetu, na jenereta za mafuta zikanyamaza. Lami imeteremka kutoka milimani hapa hadi Mbamba Bay. Panapofika umeme na barabara, chuo hakikawii, na chuo cha leo kabla ya kununua madawati kinaulizwa kama kina waifai. Mwenye kupanga mapema hupanga kwa gharama ndogo. Nimetengeneza mitandao iliyopangwa na nimetengeneza ile iliyoota yenyewe kama magugu, na najua ipi iliyoninyima usingizi.

Hoja ya kwanza: anwani hazitoshi, na hazitaongezeka

Kila kifaa kinachozungumza kwenye intaneti kinahitaji anwani, kama barua ilivyohitaji sanduku la posta. Toleo la nne la itifaki ya intaneti, ambalo tungali tunalitegemea sana, lina nafasi ya anwani 4,294,967,296. Dunia ina watu zaidi ya bilioni nane. Hata kama kila mtu angepewa anwani moja tu, karibu nusu yao wangekosa, na sisi hatujahesabu seva, runinga wala mita za umeme.

Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake matano ya mwisho kwa ofisi tano za kanda. Ofisi ya Afrika, AFRINIC, yenye makao yake Morisi, ilianza kubana mgao mwaka 2017. Januari 2020 iliingia awamu ya pili, ambamo mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja.

Wekeni namba hiyo kando ya chuo kikubwa tunachokijua sote. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilikusudiwa kufikia wanafunzi 40,000. Mpe kila mwanafunzi simu moja na kompyuta mpakato moja: vifaa 80,000. Anwani 1,024 haziwatoshi hata wakazi wa mabweni machache.

Ndiyo maana kuna anwani za ndani, ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia nyumbani kwake bila kuomba kwa yeyote, kwa sharti kwamba zisitoke nje ya uzio. Zilitengwa rasmi mwaka 1996, makundi matatu. Kundi linaloanza na 192.168, mlilozoea kuliona kwenye ruta za nyumbani, lina anwani 65,536. Kundi la 172.16 hadi 172.31 lina 1,048,576. Kundi la 10 lina 16,777,216. Mnaona kwamba kundi la kwanza, lile lililozoeleka, halitoshi kwa vifaa 80,000 hata tukilitumia lote bila kubakiza. Chuo kikubwa kianze na kundi la 10.

Na humo ndani ya kundi la 10, ndugu zangu, msichukue namba za mwanzo mwanzo. Kila mtu amezichukua. Siku chuo kitakapotaka kuunganishwa moja kwa moja na hospitali ya Litembo au ile ya Liuli, ili wanafunzi wa uuguzi wasome picha za eksirei wakiwa darasani, na pande zote mbili zikakutwa na anwani zile zile, mitandao hiyo haitaonana. Itabidi mmoja abomoe. Chagueni namba isiyo ya kawaida, iandikeni kwenye karatasi, na muwaambie majirani.

Hoja ya pili: tafsiri ni daftari

Sasa anwani ya ndani hairuhusiwi kutoka nje. Simu ya mwanafunzi itafikaje kwenye seva iliyoko Dar es Salaam au Ufaransa? Twende kwenye mizani ya kahawa, ambako nina hakika kila mtu humu ameshasimama.

Mkulima anafika na gunia lake begani. Karani anapima, anaandika namba ya mkulima, kilo na tarehe, anachana stakabadhi. Gunia linamiminwa, na kuanzia hapo kahawa yake imechanganyika na ya wenzake mia mbili. Inakwenda mnadani kwa jina la chama. Mnunuzi hamjui mkulima wala hana haja ya kumjua, anakijua chama. Malipo yakirudi yanarudi kwa jina la chama. Kinachoyafikisha nyumbani kwa mkulima ni mstari mmoja katika daftari la karani. Mstari ukipotea, fedha ipo, chama kipo, mkulima yupo, na bado hawakutani.

Ruta ya ukingoni mwa chuo ni karani huyo. Simu yenye anwani ya ndani 10.40.37.114 inatuma pakiti, yaani kifurushi cha data, kutoka poti yake namba 51822. Poti ni namba tu inayotofautisha mazungumzo mengi ya kifaa kimoja. Ruta inafuta anwani ile ya ndani, inaweka anwani ya chuo, tuseme 203.0.113.7, na poti mpya, tuseme 2305. Inaandika mstari: hii ni ile. Jibu likirudi kwenye poti 2305, ruta inasoma daftari na kulipeleka kwenye simu. (Anwani hii ya 203.0.113.7 si ya mtu. Fungu lake limetengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni na darasani.) Msingi wa njia hii waliueleza Kjeld Egevang na Paul Francis katika waraka wa Mei 1994, nao waliupendekeza kama tiba ya muda mfupi. Zaidi ya miaka thelathini imepita.

Daftari hili lina udhaifu wake, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Linakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, si kwenye karatasi. Umeme ukikatika, limefutika. Mazungumzo yote ya chuo yanavunjika kwa mkupuo mmoja. Radi za milima hii ya Matengo mnazijua. Betri ya akiba ya ruta ya ukingoni ni ya lazima, hata kama kompyuta za ofisi zitazimika.

Kinyume chake nacho kinasumbua: mistari isiyofutika. Mwanafunzi akitoka ukumbini na kwenda kisimani, simu yake haiagi. Inatoweka tu. Ruta haijui, inaendelea kuutunza mstari. Ruta nyingi zinatumia mfumo wa Linux, na humo muda wa kutunza mazungumzo yaliyokwisha kuanza, kama hukuubadilisha, ni sekunde 432,000, yaani siku tano. Siku tano za kumsubiri mtu aliyekwisha kuondoka! Kwenye mtandao wa waya wa ofisini hilo halidhuru sana. Kwenye waifai ya chuo, ambako watu elfu kadhaa wanaingia na kutoka kila kipindi, daftari linajaa maiti, na anayefika sasa hivi anakosa mstari. Analalamika kwamba mtandao uko polepole, mkuu wa chuo anaongeza malipo ya kasi, hakuna kinachobadilika. Kiwango kilichokubalika kimataifa ni kutoshuka chini ya saa mbili na dakika nne, sekunde 7,440. Mimi huweka hapo hapo.

Na njia ya nje ikikatika, mistari huzaliana. Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikahangaika. Simu hazikukaa kimya kusubiri. Kila programu ilijaribu tena, na tena, na kila jaribio linaomba mstari. Ruta isiyowekewa ukomo hufa kwa kazi siku ambayo haina pa kupeleka hata pakiti moja.

Hoja ya tatu: mgao wa poti, kwa mfano wa ngolo

Anwani moja ya nje ina namba za poti 65,536. Tukiacha 1,024 za mwanzo, ambazo zina kazi zake maalumu, tunabaki na 64,512. Huo ndio ukubwa wa shamba letu kwa kila anwani. Swali ni watu wangapi walime humo.

Tuchukue chuo cha wanafunzi 6,000, kila mmoja na vifaa viwili, na saa ya shughuli nyingi nusu ya vifaa viko hewani: vifaa 6,000. Mimi hupangia mazungumzo 150 kwa kifaa kwa wakati mmoja. Kuna simu zinazotumia kumi, na kuna kompyuta inayotumia mamia. Sita elfu mara 150 ni 900,000. Hiyo ndiyo mistari ya daftari, kwa hiyo nunueni ruta inayobeba mistari milioni mbili, msinunue kwa kuangalia kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Gawanya 900,000 kwa 64,512 unapata karibu 14. Anwani kumi na nne za nje zingetosha, kama kila mtu angechukua wastani.

Lakini hakuna anayechukua wastani. Fundi mjuzi ataniambia poti moja yaweza kutumika mara mbili iwapo mazungumzo yanakwenda seva tofauti. Ni kweli, na siku za kawaida inatuokoa. Ila fikirini wiki ya mwisho ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Wanafunzi wote wanagonga mlango mmoja wa Bodi ya Mikopo, saa ile ile. Seva ni ile ile, hivyo unafuu ule haupo, na poti zinakwisha. Huko nako seva inaona anwani moja inayotuma maombi maelfu, inadhani ni shambulio, inafunga. Aliyefungiwa ni chuo kizima.

Dawa yake Wamatengo wanaijua kuliko mimi. Kwenye miteremko hii, mtu mwingine angelima matuta ya kawaida na mvua ya kwanza ingeshusha shamba lote bondeni. Mmatengo anafyeka, anapanga nyasi kwa mistari inayokatizana kama wavu, kisha mama anachimba katikati ya kila chumba cha wavu na kufunika nyasi kwa udongo. Maharage yanaota juu ya kingo, maji yanatulia kwenye shimo. Ukisimama kijijini Kindimba ukatazama mlima wa upande wa pili, unaona maelfu ya mashimo, kila moja limeshika maji yake. Hakuna shimo linalomwagikia jirani likamzamisha. Hiyo ndiyo ngolo.

Fanyeni ngolo kwenye poti. Badala ya kuziacha zote zigombaniwe, zikateni mafungu, na kila kifaa kipewe fungu lake. Ukigawa mafungu ya poti 1,008, anwani moja inabeba vifaa 64, na vifaa 6,000 vinahitaji anwani 94. Ni anasa, wengi hamtazipata. Ukigawa mafungu ya 256, anwani moja inabeba vifaa 252, na anwani 24 zinatosha. Ombeni 32. Hapo mnayo mafungu 8,064, na yanayobaki zaidi ya 2,000 ni akiba ya wenye shughuli nzito: kifaa kikimaliza fungu lake kinapewa la pili, hadi manne, kisha basi. Kompyuta yenye virusi inayofungua mazungumzo elfu kumi kwa dakika itajizamisha yenyewe kwenye shimo lake. Mwenzake wa kitanda cha juu ataendelea kujaza fomu ya mkopo.

Hoja ya nne: tafsiri iwe mara moja tu, na iwe ukingoni

Hii nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa kosa lake linaonekana kwa macho. Bweni halina mtandao mzuri. Msimamizi mwenye nia njema ananunua ruta ndogo dukani, anaichomeka ukutani. Bweni la pili linaiga. Baada ya mwaka kuna ruta arobaini, kila moja inajiita 192.168.1.1, kila moja inatafsiri anwani kwa daftari lake dogo, halafu ruta kuu inatafsiri tena. Ni sawa na kahawa kuchanganywa kijijini na karani asiyeandika, kisha kuletwa kwenye chama kama gunia moja la mtu mmoja. Karani wa chama hata akiwa mwaminifu kama malaika, hana cha kuandika.

Vifaa vya waifai kwenye majengo viwe madaraja tu: vipokee na kupitisha. Wanafunzi wagawanywe katika sabneti, yaani mitandao midogo ndani ya mtandao mkubwa, za kadiri ya vifaa elfu moja hivi, ili kelele za jengo moja zisisikike jengo jingine. Anwani za ndani katika kumbi za mihadhara zikodishwe kwa saa moja, za mabwenini kwa siku nzima. Tafsiri ifanyike mahali pamoja, kwenye mlango wa kutokea. Na tafadhali, msiache kufunga ngome ya ulinzi kwa kudhani kwamba tafsiri inalinda. Karani si askari.

Hoja ya tano: kumbukumbu, na saa yake

Hapa ndipo moyo wa mhadhara wangu ulipo, na nitawaeleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga mtandao wa chuo kimoja, sitakitaja. Kazi ilikwenda vizuri, watu walifurahi, nikaondoka. Siku moja chuo kilipokea barua ya uchunguzi. Kulikuwa na mtu aliyetapeliwa fedha, na aliyemtapeli alitumia anwani ya chuo. Barua ilitaja anwani, poti na wakati: saa 2:14 usiku. Kijana wa zamu akafungua kumbukumbu, akatafuta 02:14, akapata fungu la poti na jina la mwanafunzi. Jina likapelekwa. Mwanafunzi huyo aliitwa, simu yake ikachukuliwa, akakosa mtihani wa majaribio, na mabwenini wakaanza kumwita mwizi.

Mnaona kosa liko wapi? Saa mbili na dakika kumi na nne usiku, kwa aliyeiandika barua, ilikuwa saa mbili yetu ya Kiswahili, baada ya taarifa ya habari kuanza. Kwa mashine hiyo ni 20:14. Kijana alitafuta 02:14, ambayo kwetu ni saa nane usiku. Tena ruta ile haikuwa na saa ya Afrika Mashariki. Iliandika kwa saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mstari sahihi ulikuwa 17:14. Wakati mmoja unaandikwa kwa njia tatu, na ile 02:14 iliyotumika haikuwa hata mojawapo. Ilipita zaidi ya wiki ndipo nilipoitwa, nikaketi na yule kijana, tukahesabu kwa vidole. Mwanafunzi alisafishwa. Lakini nilimwona usoni siku ile, na ninajua kwamba mwongozo niliouacha pale, kurasa zaidi ya thelathini, haukuwa na sentensi moja iliyosema kumbukumbu zinaandikwa kwa saa ipi. Sentensi hiyo ilikuwa jukumu langu.

Tangu hapo ninadai mambo haya kabla sijaweka sahihi. Mashine zote zisawazishwe saa kutoka chanzo kimoja, na ukurasa wa kwanza wa mwongozo useme ni saa ya wapi, kwa mfano ulioandikwa kwa njia zote tatu. Kila mtu aingie kwa jina na nenosiri lake, kama inavyofanyika kwenye eduroam, mfumo wa waifai za vyuo ambao kwa nchi yetu unaratibiwa na TERNET, mtandao wa taasisi za elimu na utafiti. Msitegemee namba ya kadi ya mtandao iliyomo ndani ya simu (MAC) kumtambua mtu: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hubuni namba bandia zinapoingia kwenye waifai, na hilo ni jema kwa mwenye simu. Barua ikija bila namba ya poti, jibu liwe la kweli: anwani hii hutumiwa na vifaa 252, hatuwezi kusema ni nani. Jibu hilo linaonekana kama udhaifu mbele ya mkuu wa upelelezi. Liandikeni hivyo hivyo.

Mtauliza, mbona tusitunze kila kitu? Kwanza, ghala. Vifaa 6,000, kila kimoja kikifungua mazungumzo 10,000 kwa siku, ni mistari milioni 60. Kwa baiti mia kila mstari, gigabaiti sita kila siku. Ukigawa kwa mafungu unaandika mara mbili tu: fungu limetoka, fungu limerudi. Kifaa kikichukua fungu mara tano kwa siku, mistari ni 60,000. Imepungua mara elfu.

Pili, na kwangu hili lina uzito zaidi, kumbukumbu ya mafungu haisemi mwanafunzi alitembelea tovuti gani. Inasema tu nani alikuwa na poti zipi, kuanzia lini hadi lini. Binti aliyesoma kuhusu ugonjwa wake saa sita usiku hana deni la kumweleza fundi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa wachunguzi njia ya kudai taarifa; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatukataza kukusanya kuliko mahitaji na kutunza kuliko muda unaohitajika. Daftari la mafungu linatii zote mbili. Pangeni idadi ya siku za kutunza, ipitishwe na bodi, ibandikwe ubaoni wanafunzi waisome.

Hoja ya sita: toleo la sita lianze siku ile ile

Nilisema waliobuni tafsiri waliiona kama tiba ya muda mfupi. Tiba yenyewe ni toleo la sita la itifaki. Chuo kimoja hupewa kwa kawaida fungu linaloweza kukatwa sabneti 65,536, na kila sabneti moja ina anwani nyingi kuliko toleo lote la nne kwa mabilioni ya mara. Hakuna haja ya kutafsiri, hakuna poti za kugombania, na kila kifaa kinajibu kwa anwani yake.

Wenzangu wengi husema, tuanze na la nne, la sita tutaongeza baadaye. Baadaye hiyo siijui. Sijawahi kuiona ikifika bila dharura kuisukuma. Ziwekeni zote mbili pamoja tangu siku ya kwanza. Kampuni kubwa ambazo vijana wetu huzitembelea mchana na usiku, Google na wenye Facebook na WhatsApp, zinazungumza toleo la sita kwa miaka mingi sasa. Kila mazungumzo yanayokwenda huko kwa toleo la sita ni mstari mmoja usioandikwa kwenye daftari na poti moja isiyoliwa. Zile anwani 32 tulizozihesabu zitapumua. Ila ngome ya ulinzi ya toleo la sita ifungwe kwa umakini ule ule, maana sasa kila kifaa kinaonekana.

Ndugu Mwenyekiti, naona vijana wa nyuma wanaandika, kwa hiyo nitasema taratibu hatua zilizo mbele. Vyuo vyetu vinapojiandaa kupokea wanafunzi wa mwaka mpya wa masomo, vinaweza kupita TERNET kuulizia fungu la toleo la sita na anwani chache za toleo la nne. TERNET ni mwanachama wa UbuntuNet, muungano wa mitandao ya elimu na utafiti wenye makao yake Lilongwe, upande wa pili wa ziwa letu. Mizigo ya elimu inayovuka Nyasa haibebwi na meli peke yake. Shule za sekondari za Liuli, Lituhi na Mbamba Bay zisisubiri kuwa vyuo. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zikae na kukubaliana mapema nani atatumia namba zipi ndani ya kundi la 10, karatasi moja, kabla ruta ya kwanza haijafungwa ukutani. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja.

Nimemwachia katibu karatasi yenye hesabu zote nilizotaja, na nafasi tupu za kujaza idadi ya wanafunzi wa kila shule. Baada ya chai nitakuwa kwenye meza ile ya dirishani na kalamu. Mwenye idadi yake na aje, tukokotoe pamoja.